Barua kuhusu Brutus

Tanga, Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua zimeanza, na mama anakuulizia kila siku. Kile kitabu ulichodhani kimepotea nimekikuta ndani ya sanduku la bati, uvunguni mwa kitanda: ule mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, Julius Caesar, kuhusu mtawala wa Roma aliyeuawa na watu wake wa karibu, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Jalada limebanduka na kurasa zimegeuka rangi ya chai. Jana umeme ulikatika, nikawasha chemli nikakisoma hadi mwisho.

Pembeni mwa maneno ya Brutus, yule rafiki wa Caesar aliyejiunga na wauaji, pale alipo bustanini usiku wa kuamkia mauaji, uliandika kwa penseli neno moja: "Kweli." Nimelitazama sana neno hilo. Tukiwa shuleni nilikubaliana nawe. Sasa sikubali tena.

Hebu msome upya. Jambo la kwanza analotamka ni kwamba Caesar hana budi kufa. Sababu anazitafuta baadaye. Anakiri mwenyewe kwamba hana kisa naye. Anakiri pia kuwa hajapata kumwona akiacha matamanio yamshinde akili. Kisha anasema huenda akivikwa taji atabadilika, kwa hiyo tumhesabu kama yai la nyoka, tumuue angali ndani ya ganda. Mtu anahukumiwa kifo kwa kosa ambalo hajalitenda!

Halafu kuna ile barua iliyotupwa dirishani, Cassius, kiongozi wa njama, akitaka ionekane imetoka kwa wananchi. Brutus anaisoma kwa mwanga wa vimondo vinavyopita angani. Sentensi imeachwa nusu, na Brutus anaimalizia mwenyewe, kwa maneno aliyokuwa akitaka kuyasikia. Hapo ndipo ninapouona usaliti ukianza, ndugu yangu, kabla hajashika kisu. Amejidanganya yeye kwanza.

Asubuhi Brutus na wenzake wa njama wanamfuata Caesar nyumbani kwake. Anawashukuru kwa kuja kumsindikiza, anawakaribisha ndani waonje mvinyo, kisha watoke pamoja kama marafiki. Kama marafiki! Brutus anaguna pembeni, moyo unamuuma, lakini anaingia. Sisi tumelelewa kwamba ukishakula kwa mtu umekuwa wa nyumba ile. Mstari huo wa mvinyo umeniumiza kuliko damu yote inayofuata.

Kule Capitol, kwenye kikao cha baraza, Metellus, mmoja wa wenye njama, anapiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa Roma. Brutus naye anaubusu mkono wa Caesar, akisema habusu kwa kujipendekeza. Casca, mwenzao, anatangulia kuchoma, kwa nyuma, shingoni. Caesar anapomwona Brutus miongoni mwao anasema maneno machache ya Kilatini, anaacha kushindana, anaanguka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa sikiliza jambo lililonisimamisha nywele. Wauaji wamechovya mikono katika damu ile, na Cassius anauliza ni mara ngapi tendo lao litaigizwa katika nchi ambazo hazijazaliwa na kwa lugha zisizojulikana bado. Caesar aliuawa Machi 15, mwaka 44 KK. Shakespeare aliandika mchezo wake karibu na 1599. Mwalimu akautoa kwa Kiswahili 1963. Basi lugha moja kati ya zile ni hii ninayokuandikia. Na miaka tisa baadaye, Aprili 7, 1972, Sheikh Karume, makamu wake wa kwanza wa rais, alipigwa risasi pale Kisiwandui. Sisemi visa hivi viwili ni kimoja. Nasema tu kwamba niliufunga ukurasa nikakaa gizani kwa muda.

Utaniambia Brutus alitaka uhuru wa Roma. Naam, aliutaka kwa dhati, hata Antony, rafiki wa Caesar, anamsifu baada ya kifo chake. Lakini tazama alichokileta. Umati unamkamata Cinna mshairi, mtu asiyehusika. Anapiga kelele kwamba yeye si yule Cinna mwenye njama, nao wanamrarua kwa ajili ya jina tu. Upesi tunamwona Antony ameketi na wenzake wakipitia orodha ya watakaokufa, na mtoto wa dada yake anamtia alama kwa kalamu bila kusita.

Kule Philippi vita dhidi ya Antony vimemwelemea, Brutus anawaomba wenzake mmoja mmoja wamsaidie kufa. Clitus anakataa. Dardanius anakataa. Volumnius, waliyesoma naye tangu utoto, anamjibu kwamba hiyo si kazi ya rafiki.

Nilipofika hapo nilirudi kwenye ukurasa wa penseli yako. Sikulifuta neno lako. Nimeandika jibu la Volumnius chini yake, kwa wino. Nitakipakia kitabu kwenye basi la Alhamisi. Kipokee stendi, kisha uniandikie.

Ni mimi nduguyo,
wa dawati moja