Kabla ya kuongeza kifurushi, pima waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niwajibu wazazi na vijana wa Mwanza wanaolalamika kwamba gemu linaganda hata baada ya kuachana na Wi-Fi na kuvuta waya hadi sebuleni. Madukani wanaambiwa jambo moja tu: ongeza kifurushi. Mara nyingi huko ni kutupa hela ziwani. Gemu la mtandaoni likishapakuliwa, kwa kawaida halitumii hata megabiti moja kwa sekunde wakati wa kucheza. Linachotaka ni pakiti (vipande vya data) ndogo ndogo zifike zote, na zifike kwa wakati. Nyumba yenye megabiti 10 zilizotulia hucheza vizuri kuliko yenye 50 zinazoyumba.

Waya nao usipewe sifa isiyo yake. Unatengeneza kipande kimoja tu cha njia, kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ruta. Kama ruta inapata intaneti kwa laini ya 4G, au kwa antena ya juu ya paa inayotazama mnara, kipande cha hewani bado kipo na kitaendelea kusumbua. Ndiyo maana njia hupimwa kipande kwa kipande, kuanzia ndani kwenda nje.

Anza ndani. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, utazame anwani iliyo mbele ya Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika ping -n 200 ukifuatisha anwani hiyo. Amri hii hutuma pakiti 200 na kupima muda wa kila jibu kurudi; muda huo, kwa milisekunde, ndio pingi. Waya ukiwa mzima, majibu hurudi chini ya milisekunde 1, na pakiti zilizopotea ni 0. Jibu moja likiruka hadi 5 au 10 lisikutie wasiwasi, kwa sababu ruta nyingi hujibu pingi pale tu zinapopata nafasi. Zikipotea hata 2 kati ya 200, ukarudia zikapotea tena, ugonjwa uko ndani ya kuta zako na hakuna kifurushi kitakachoutibu. Mwenye PlayStation pekee aazime laptop, aichomeke kwenye waya ule ule wa PlayStation, si mwingine.

Kipande cha pili: andika tracert -d 8.8.8.8, amri inayoorodhesha vifaa vilivyo njiani hadi seva ya Google. Mstari wa kwanza ni ruta yako, wa pili kwa kawaida ni kifaa cha mtoa huduma. Ipingi hiyo anwani ya pili mara 200, asubuhi na tena saa tatu usiku. Asubuhi ikiwa safi na usiku ikaharibika, msongamano uko kwa mtoa huduma au kwenye mnara. Vifaa vingine vya katikati havijibu pingi kabisa, vinaonyesha nyota. Nyota si hitilafu ikiwa mistari inayofuata inajibu vizuri. Watu hugombana na huduma kwa wateja bure kwa ajili ya nyota hizo.

Sasa waya wenyewe, ambao ndio unaodanganya wengi. Katoni nyingi zimeandikwa Cat6 (daraja la waya wa mtandao) kwa maandishi makubwa, lakini ndani nyuzi ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Alama yake ni herufi CCA, kama muuzaji ameona vyema kuiandika. Kata ncha ya uzi mmoja uitazame kwenye mwanga: shaba halisi ni nyekundu hadi katikati, CCA ni nyeupe katikati na ganda jembamba jekundu pembeni. Ukinyanyua roli utaona pia ni jepesi kupita kiasi. Alumini ina upinzani wa umeme wa takriban mara moja na nusu ya shaba, hukatika ikikunjwa kunjwa, na hulegea ndani ya konekta (kichwa cha plastiki cha ncha ya waya) baada ya muda. Kiwango cha waya hizi ni mita 100 kwa shaba tupu. CCA ya mita 5 inaweza kufanya kazi miaka. Ya mita 40 iliyopita darini kwenye joto la bati ni bahati nasibu.

Konekta za RJ45 nazo zina mtego wake. Mpangilio wa rangi uitwao T568B ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi asiyejua sababu ya bluu kuingia kati ya kijani na mwenzake huzipanga rangi kwa jozi zilivyo, pande zote mbili vile vile. Testa ya taa itawaka 1 hadi 8 bila kosa na mteja atalipa. Lakini tundu namba 3 na 6 hufanya kazi pamoja, na sasa kila moja limepewa uzi wa jozi tofauti. Nyuzi husokotwa wawili wawili ili kelele ya umeme ijifute yenyewe. Ukizitenganisha, kelele inaingia na pakiti zinaharibika. Testa ya bei ndogo inapima kama uzi umefika upande wa pili, haipimi umesokotwa na nani. Ikague konekta kwa macho. Kabla ya kubana, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya konekta, nyuzi zisionekane.

Kasi ya kiungo pia inasema mengi. Kwenye mipangilio ya Ethernet (mtandao wa waya) ya Windows utaona 1000/1000 au 100/100, yaani megabiti kwa sekunde. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Megabiti 100 inatumia nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo ruta na kompyuta za gigabiti zikikutana kwa 100, mara nyingi kuna uzi uliokatika au konekta mbovu. Kiungo kinachopanda 1000 na kushuka 100 chenyewe kila baada ya muda ni kibaya kuliko kilichotulia 100, kwa maana kila kikibadilika mchezo unakatika kwa sekunde kadhaa. Usilazimishe kasi upande mmoja ukidhani unasaidia: upande mwingine ukibaki kwenye kujichagulia utaangukia nusu-dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, na pakiti zitagongana kila mtandao unapopata kazi. Acha pande zote mbili zijichagulie. Unaweza pia kuandika netstat -e kabla na baada ya kucheza; namba ya mstari wa Errors ikipanda, badilisha waya kwanza, maswali baadaye.

Mwanza ina mambo yake. Nyumba za milimani, Isamilo au Mabatini, waya hupitishwa juu ya mawe kwenye jua kali. Waya wa ndani wenye ganda la kijivu hupasuka, mvua inaingia, shaba inaota kutu. Nje tumia waya mweusi uliotengenezwa kwa ajili ya nje. Na usiunganishe nyumba mbili kwa waya wa shaba. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku juu ya maji, na radi si lazima ipige waya wako. Ikianguka karibu inatosha kusukuma umeme kwenye shaba na kuua swichi ya mtandao pande zote mbili, au kuiacha nusu hai ikipoteza pakiti kwa miezi. Kati ya nyumba na nyumba weka faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) yenye kigeuzi kila upande. Faiba yenyewe haipitishi umeme. Ruta inayojizima na kuwaka umeme ukishuka, angalia adapta yake: ruta ya volti 12 na ampia 1 iliyopewa adapta ya nusu ampia itakuwa inaanguka kila inapoelemewa.

Kama waya ni safi na bado mchezo unakuwa mbaya jioni, watu wote wakiwa nyumbani, mtuhumiwa wa kwanza ni foleni ya kupakia. Simu ikirudi nyumbani huanza kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ruta hupanga kila kitu kwenye mstari mmoja. Chukua ruta yenye foleni ya megabaiti 1 na njia ya kupakia ya megabiti 8 kwa sekunde: megabaiti 1 ni megabiti 8, kwa hiyo pakiti ya gemu iliyoingia nyuma ya foleni itasubiri sekunde nzima. Jaribio lake ni rahisi. Acha pingi ikiendelea kwenda 8.8.8.8, kisha pakia video ndefu kwa simu. Pingi ikitoka milisekunde 40 ikafika 500, umempata.

Dawa ni kuifanya ruta yako iwe mlango mwembamba kuliko wa mtoa huduma, ili foleni iundwe pale unapoweza kuipanga. Kwenye ruta yenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) weka luci-app-sqm, chagua cake (njia yake ya kupanga foleni), kisha andika kasi ya kupakia na ya kupakua kwa asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima jioni, si asubuhi. Ruta dhaifu haitaimudu kasi kubwa, prosesa itachoka. Kwenye 4G, ambako kasi hubadilika kila dakika, namba moja haikai sawa, kwa hiyo jaza ya chini. Asiye na ruta ya namna hiyo aahirishe hifadhi ya picha hadi usiku wa manane, na kwenye Windows azime Delivery Optimization, ambayo kama imeruhusiwa hugawia kompyuta za wengine masasisho kupitia laini yako.

Kubadilisha DNS, ushauri unaopendwa sana, hakupunguzi pingi ya mchezo ulioanza. DNS inatafuta anwani tu, ikishaipata kazi yake imekwisha. Na gemu likichelewa hata watu wawili wakicheza sebuleni bila intaneti, mara nyingi tatizo ni runinga: washa Game Mode (hali ya michezo) kwenye mipangilio yake.

Umbali hauna dawa. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Johannesburg iko karibu kilomita 2,700 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 27. Frankfurt, kama kilomita 6,300, haiwezi kupungua 63. Kwa kweli njia haijanyooka, inashuka kwanza Dar es Salaam hadi kwenye nyaya za baharini, hivyo seva ya Ulaya huvuka 100 kwa urahisi. Pingi kubwa lakini tulivu ni umbali. Chagua seva ya Afrika Kusini kama gemu linayo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nchi ikadorora, hata waya bora kuliko wote sebuleni usingesaidia.

Naomba mawili. Wauzaji wa nyaya waandike wazi kwenye katoni kama ndani ni shaba au CCA, na Shirika la Viwango Tanzania lisimamie hilo kama linavyosimamia bidhaa nyingine. Watoa huduma nao, wanapotangaza megabiti, watangaze na pingi ya saa za jioni hadi Dar es Salaam na Johannesburg. Mteja anayelalamika apeleke vipimo vitatu vyenye tarehe na saa: ruta yake, mstari wa pili wa tracert, na seva ya gemu. Cha kwanza kikiwa safi na cha pili kibovu, hawezi kuambiwa tena azime na kuwasha ruta. Mtoa huduma akishindwa kumjibu, TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hupokea malalamiko ya mteja aliyeanza kwa mtoa huduma wake bila kuridhika.

Fundi mitandao,
Nyakato, Mwanza