Goti la Bibi

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Bibi yako amezipokea kwa jicho na tabasamu la upande mmoja, maana ulimi bado mzito tangu apate kiharusi. Swali lako nimelala nalo tangu siku ile. Ulimwona daktari akimgonga chini ya goti la kulia kwa kile kinyundo cha mpira, mguu ukaruka kuliko hata ule mzima, ukaninong'oneza: "Baba, si mguu huo umepooza? Nani kaurusha?"

Nimemuuliza daktari, nikapekua na kitabu cha Baiolojia cha kaka yako. Sikiliza.

Kwanza tuliweke kando neno "mshipa". Sisi kila kitu ni mshipa: wa damu, wa ngiri, hata ule unaokaza shingoni ukilalia mto vibaya. Ninaokusimulia hapa ni neva, nyuzi hai zinazobeba habari. Jozi 12 zinatoka kwenye ubongo kwenda machoni, usoni, ulimini. Jozi 31 zinachomoza kwenye uti wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, kwenda mwili mzima. Uzi wa seli moja tu, isiyoonekana kwa macho, waweza kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu!

Ukigongwa chini ya goti, msuli wa paja unavutika kidogo. Neva inakimbiza habari hadi kwenye uti, na uti haungoji ruhusa ya ubongo. Unaamuru pale pale, paja likaze. Wakumbuka ulivyoshika kikaango cha chapati? Mkono ulitoka kwanza, "yalaa!" ikafuata. Ni uti ule ule. Nyuzi zilizovikwa ala ya mafuta, zile ziendazo kasi zaidi, hupeleka habari zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Zisizo na ala, zinazoleta yale maumivu ya kuwaka baadaye, huenda kama mtu anayetembea, mita 1 hivi kwa sekunde.

Basi maradhi ya Bibi hayako mguuni. Yako kichwani, tena upande wa kushoto. Njia za kuamrisha viungo hupishana pale ubongo unapokutana na uti: kushoto huongoza kulia, kulia huongoza kushoto. Amri ya "tembea" inatoka juu, na huko ndiko palipoharibika. Mzunguko mdogo wa habari kati ya goti na uti, huku chini, haukuguswa. Na linaruka kupita kiasi kwa sababu ubongo pia ndio unaoutuliza uti, na sasa sauti ya kuutuliza haifiki.

Kuna jambo linaniuma. Asubuhi ile mdomo wake ulipopinda, jirani akasema ni upepo mbaya, nami nikakubali. Tukamkanda mafuta ya karafuu mpaka adhuhuri. Ubongo una uzito wa kilo 1.3 hivi, lakini unakula kama moja ya tano ya nguvu za mwili, wala hauna akiba. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa (huo sasa ndio mshipa kweli), na kila dakika niliyokuwa nakanda, seli zilikuwa zinakufa. Nimekwisha kumwomba radhi. Alinibana mkono kwa ule wa kushoto.

Moyo wake unadunda na chakula kinasagika bila taabu, kwani kazi hizo husimamiwa na shina la ubongo na neva zisizongoja amri ya mtu, nazo ziko salama.

Maneno ndiyo shida. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto, ule ule ulioumia. Akitaka maji anasema "ki... ki..." halafu analia kwa hasira. Lakini juzi baada ya alasiri shangazi yako alikuwa anachambua mchele huku akiimba ile kaswida ya Maulidi. Bibi akaidakia! Maneno kamili, beti mbili, hakukwama hata mara moja. Tulinyamaza wote, shangazi ungo mkononi. Mtaalamu wa mazoezi anasema kuimba kunatumia pia upande wa kulia, na kwamba tuimbe naye kila siku.

Shida ni kwamba hawezi kuanza mwenyewe, lazima mtu aanzishe. Mimi sauti yangu unaijua. Shule ikifungwa, njoo moja kwa moja nyumbani.

Baba yako