Kaka, hiyo PhD haiingii Kibosho kimya kimya

Shikamoo kaka. Simu zangu hupokei wiki nzima ndo maana nimeamua kukuandikia hapa hadharani, wakwe wakiona shauri yako.

Ile meseji yako kwenye grupu la familia, kwamba siku ya mahafali pale chuo cha Nelson Mandela Tengeru hutaki matarumbeta, hutaki MC, hutaki ndafu (yule mbuzi mzima wa kuchoma), eti wasomi wa nje wanachukua PhD zao bila ushamba, imemfanya shangazi aulize kama umebadili dhehebu. Mi nikacheka, afu nikaenda kusoma hao wasomi wa nje wanafanyaje.

Kaka, wanafanya balaa.

Finland, chuo cha Helsinki, sherehe inakula siku tatu. Daktari mpya anapewa kofia ndefu nyeusi na upanga, upanga kabisa, na siku moja kabla wanakusanyika kuunoa kwenye jiwe la kuzungusha, na kinacholowanisha lile jiwe sio maji, ni mvinyo wa mapovu! Wanasema upanga ni wa kupigania kile mtafiti anachoamini ni kweli. Na sio mambo ya juzi, ya kwanza ilifanyika mji wa Turku mwaka 1643, kabla chuo hakijahamia Helsinki. Sasa wenzio wananoa panga kwa mvinyo we unaona aibu mbuzi kuwekewa majani mdomoni?

Sweden, kule Uppsala na Lund, wanapiga mizinga. Wajerumani wa Göttingen ndo kabisa, daktari anavutwa kwenye kigari kilichopambwa hadi kwenye chemchemi ya mjini, anapanda juu na kuibusu sanamu ya binti mchunga mabata bukini. Sanamu ipo toka 1901, mwaka 1926 mji ukapiga marufuku kubusu, watu wakaendelea kubusu tu.

Ila mi nimewapenda Waholanzi. Mtu anatetea utafiti wake mbele ya maprofesa, ndugu zake wamekaa ukumbini wanasikiliza, na kando yake wapo watu wawili wa kwake, wanaitwa paranimfu, rafiki au ndugu, wamependeza kama wasimamizi wa harusi. Muda ukiisha anaingia mhudumu wa chuo na fimbo yake anatamka "Hora est", Kilatini hicho, yaani saa imefika, na hapo hata kama sentensi iko nusu unakata. (Huyo angetufaa kwa yule MC wetu wa Majengo.)

Kwa hiyo ushamba uko wapi? Wao vituko vyao vingi vimo ndani ya ratiba ya chuo, sisi vyetu vinasubiri nje ya geti mpaka mkuu wa chuo amalize kuwatunuku, basi. Shangazi hajui kama tasnifu yako ni ya floraidi kwenye maji au ya nini, lakini ada yako ya sekondari ilitoka kwenye kahawa yake, na anataka akuvishe shada mwenyewe.

Matarumbeta nimewaambia wasikanyage chuoni, watatusubiri Usa River juu ya kirikuu afu watuongoze hadi nyumbani. Ndafu haina mjadala, mbuzi kashanunuliwa. We kazi yako ni kuchagua paranimfu wawili wa kukaa nao meza kuu, mmoja ni mimi, na huyo wa pili ongea vizuri na shangazi maana ashashona.