Vibao vya Salaita viwataje wapagazi

Mhariri,

Anayepita barabara ya Voi kwenda Taveta hukiona kilima cha Salaita, kifupi, kimejaa vichaka na miiba. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza walipanda pale wakidhani kazi ni nyepesi. Askari wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, waliwarudisha mbio, na hao wa Afrika Kusini wakaokolewa na Wabaluchi, kikosi cha jeshi kutoka India. Mahandaki bado yanaonekana.

Ombi langu ni kwa serikali ya kaunti na wahusika wa makumbusho: vibao vya historia Taveta na vitongoji vyake viandikwe kwa Kiswahili kwanza, tena vitaje wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi katika vita hivyo. Majenerali wana vitabu vya kutosha. Aliyebeba masanduku ya risasi kichwani, akafa kwa kuhara damu au malaria, hana hata jiwe.

Hili si lawama yangu ya kubuni. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Inaniuma sana, kwa sababu mtalii anaonyeshwa makaburi yaliyopangwa vizuri mjini, anapiga picha, anaondoka akidhani hao ndio wote waliokufa.

Wazee wenye masimulizi ya babu zao waulizwe sasa, kabla fundi hajaanza kuchonga maandishi.

Msomaji,
Taveta