Kozi za mabadiliko ya mazingira zianzie Mto Pangani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu kozi za mabadiliko ya mazingira na mifumo ya dunia zinazofundishwa vyuo vikuu. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na walimu wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mazoezi hunitia wasiwasi: wanaeleza vizuri jinsi barafu ya Greenland inavyoyeyuka, lakini ukiwauliza kwa nini maji ya chumvi yanapanda Mto Pangani, wananyamaza.

Siwalaumu. Hali ya hewa wamefundishwa na mhadhiri mmoja, bahari na mwingine, udongo katika idara nyingine kabisa, kisha wakaachiwa waunganishe wenyewe, ilhali msingi wa taaluma hii ni kwamba hewa, maji, barafu, ardhi na viumbe hutenda kazi kwa pamoja.

Mto Pangani unaonyesha hayo yote. Unapokea maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unanywesha mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale kabla ya kufika baharini. Maji yakichukuliwa mno huko juu, huku chini mto unakosa nguvu ya kuisukuma bahari, na wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita siku nyingine, chumvi hupanda hadi kwenye minazi. Bwawa nalo huzuia mchanga, na pwani isiyoletewa mchanga huliwa na mawimbi. Juu ya hayo, bahari inapanda kwa sababu maji yake yakipata joto hutanuka, na kwa sababu barafu ya nchi kavu inayeyuka. Hapo ndipo Greenland inapomhusu mkulima wa Pangani. Mbele ya mji huo kuna Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na miti na kasa wakitaga, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kupambanua ni kiasi gani kimesababishwa na ukataji miti na kiasi gani na bahari yenyewe ni kazi ya muhula mzima, tena kazi ya heshima.

Vivyo hivyo mvua za vuli za 2019: upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, mvua zikazidi, na mafuriko yakakata barabara wilayani Handeni.

Napendekeza kila chuo chenye kozi hizi kiweke somo la lazima la uwandani katika bonde moja la mto, kuanzia mlimani hadi mlangoni mwake. Wanafunzi wapime chumvi, kina na tope mahali palepale kila mwaka, na wavuvi wanaozijua pepo na maji walipwe kama wakufunzi, si kuhojiwa na kusahauliwa. Gharama ipo, lakini vipimo vya miaka mingi mfululizo havinunuliki baadaye. Nakala zake ziachwe katika ofisi ya wilaya na katika shule za sekondari za jirani, ambako tuko tayari kuzitumia darasani.

Mwalimu wa jiografia,
Tanga