Kwa mdogo wangu anayeanza kliniki ya ujauzito

Mdogo wangu,

Swali lako lilikuwa fupi: mjamzito anatakiwa kwenda kliniki mara ngapi? Kila uliyemuuliza amekupa idadi yake, na ajabu ni kwamba karibu wote wako sahihi. Ratiba ya mara 12 hadi 14 ipo Marekani tangu mwaka 1930: kila baada ya wiki nne hadi wiki ya 28, kila baada ya wiki mbili hadi ya 36, kisha kila wiki mpaka kujifungua. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri mara 4, na mwaka 2016 likapandisha hadi 8: ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12, halafu wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mwaka 2025 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani nacho kikasema ratiba ipangwe kulingana na mahitaji ya mama mwenyewe.

Kwa hiyo acha kuhangaika na idadi. Hangaika na hudhurio la kwanza, maana hapo ndipo mhudumu anapojua wewe ni mama wa namna gani. Nenda mapema. Beba tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na useme kama mzunguko wako huwa unayumba. Ukiyumba, picha ya ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza itakupa umri sahihi wa mimba kuliko tarehe. Beba dawa zote unazotumia, na pakiti zake. Taja kila mimba iliyopita, hata iliyotoka: iliishia wiki ya ngapi, mtoto alikuwa na kilo ngapi, ulijifungua kwa njia gani. Kama uliwahi kupasuliwa, ni lazima wajue kondo la nyuma limekaa wapi safari hii, kwa sababu likikaa juu ya kovu linaweza kushikana nalo na kuleta damu nyingi wakati wa kujifungua.

Makosa mengi huanzia hapa. Foleni ndefu, mhudumu anauliza haraka haraka, mama anajibu "hakuna" kwa kila kitu, kadi inajazwa, na mpango unaotoka ni uleule wa aliyetangulia.

Chukua mfano wa kifafa cha mimba na presha inayokitangulia. Aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila siku, hupunguza hatari yake, lakini ianzwe baada ya wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya 16. Si ya kila mtu. Hupewa mwenye sababu moja kubwa: aliwahi kupata tatizo hilo, ana mimba ya mapacha, ana presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe). Au mwenye sababu ndogo mbili: mimba ya kwanza, umri wa miaka 35 au zaidi, unene uliopitiliza, mama au dada aliyewahi kuugua, au zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita. Sasa ona: anayefika kliniki wiki ya 24 ameshapitwa na muda mzuri wa kinga hiyo, hata akihudhuria mara kumi baadaye. Ila usijinunulie mwenyewe. Vidonda vya tumbo na aina fulani ya pumu hubadilisha uamuzi.

Vidonge navyo hutofautiana. Wengi hupewa madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 kwa siku na asidi ya foliki mikrogramu 400. Kiwango cha damu (himoglobini) kikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, chuma huongezwa hadi 120. Mwenye selimundu hapewi chuma kabla ya kupimwa kama kweli kimepungua, lakini foliki yake huwa kubwa, hata miligramu 5. Na palipo na malaria, dozi hiyo kubwa ya foliki hudhoofisha nguvu ya SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, na anayetumia dawa ya kotrimoksazoli (Septrini) hapewi SP kabisa. Mwenye damu ya Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O-) ana sindano yake, anti-D, ya wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni Rh chanya.

Upande wa pili, kama wewe ni mzima na mimba zako zilizopita hazikuwa na shida, baadhi ya mahudhurio yanaweza kuwa ya simu. Mimi sioni ubaya, mradi upime presha nyumbani ipasavyo. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo, usiongee. Mkanda mdogo kuliko mkono wako utakupa presha ya juu isiyo ya kweli. Ikifika 140/90, pima tena baada ya dakika chache na uwajulishe siku hiyohiyo. 160/110 ni kwenda hospitali mara moja. Damu, mkojo, chanjo na kupima tumbo havifanyiki kwa simu, wala kipimo cha sukari cha wiki 24 hadi 28.

Waambie pia yasiyo ya ugonjwa: zamu za kazini, nauli, hofu uliyotoka nayo uzazi uliopita. Kama nyumbani hakuna amani, omba kuonana na mkunga peke yako. Hayo nayo hubadilisha mpango.

Na mpango haugandi. Damu ukeni, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mtoto kupunguza kucheza: usisubiri tarehe ya kadi. Kabla hujatoka chumbani uliza maswali matatu: mmeona nini kwangu kinachohitaji uangalizi wa pekee, nirudi lini na kwa ajili ya kipimo gani, na usiku nimpigie nani. Yaandikwe kwenye kadi, kisha nipigie unisomee.

Dada yako