Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Ufumaji wa Vitu Vilivyokwishatumika, Buguruni

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika na wale ambao taarifa hii itawafikia kwa simu kwa kuwa hawakuweza, au hawakuona haja, ya kufika.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia kwa haraka. Tumekutana kila Jumamosi mchana, isipokuwa mwezi wa Ramadhani ambapo tulikutana asubuhi. Tumeendesha mafunzo 2 kwa wanaoanza, moja la kulabu na moja la sindano mbili, na tumeweka meza kwenye maonyesho ya wajasiriamali mara 3. Tumeuza mazulia ya mlangoni 118 kwa shilingi 8,000 kila moja, vikapu 64 kwa shilingi 6,000 na vikalio vya sufuria 203 kwa shilingi 2,000, jumla shilingi 1,734,000. Vikalio hivyo vya vizibo vya soda vilivyovishwa uzi ndivyo vilivyotutambulisha mitaani, na niruhusiwe kukumbusha kwamba wazo la kupanga vizibo 19 kwa duara, kimoja katikati, 6 kukizunguka na 12 nje yake, nililileta mimi wakati wengi walipokuwa wakivipanga kwa mistari inayolegea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni na kidogo mno mbele yangu, yaani uamuzi wa mwezi wa Machi wa kusitisha ufumaji kwa rambo, ile mifuko ya plastiki.

Najua uchungu wa uamuzi ule. Wanachama waanzilishi walijifunza kufuma kwa rambo zilizokatwa vipande vyembamba na kuunganishwa, na mimi ni mmoja wao. Rambo haigharimu kitu, ni nyepesi mkononi, na kikapu chake hakiogopi maji. Hoja iliyotolewa, kwamba mfuko uliofumwa kikapu ni mfuko mmoja uliopungua mtaroni, ni hoja ya maana, nami niliisikiliza. Hata hivyo, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na kanuni hazimgusi mtengenezaji na muuzaji peke yao: anayekutwa nayo au kuitumia anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kufungwa kwa muda usiozidi siku 7. Wapo waliosema kwamba katazo linahusu mfuko na si kikapu. Inawezekana, lakini stoo yetu ilikuwa na viroba 2 vya rambo ambazo bado hazijakatwa, na mkataba wa pango la stoo ile umeandikwa kwa jina langu. Ambaye angeitwa kujieleza si yule anayelalamika kwenye kibaraza.

Sheria haikuwa sababu pekee. Kikapu kimoja tulichokiacha juani nje ya stoo kwa miezi kadhaa kilianza kupukutika, na mvua ilipokuja vipande vyake vilikwenda mtaroni, na mitaro yetu sote tunajua inaelekea Mto Msimbazi. Hatuwezi kujiita watunza mazingira huku tukisaga plastiki ile ile kuwa chenga ambazo hakuna mkono utakaoziokota.

Kwa sababu ya usalama pia niliagiza kila uzi wa vifaa vya jikoni upimwe kwa moto kabla ya kufumwa. Mteja mmoja alirudisha kishikio cha sufuria kilichofumwa kwa nyuzi za sweta la mtumba, kikiwa kimeyeyuka na kuganda kwenye mkono wa sufuria. Uzi wa pamba ukichomwa hunuka karatasi na kuacha jivu laini, ilhali uzi wa akriliki au poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kipimo hiki hakihitaji zaidi ya njiti ya kiberiti na kipande cha uzi cha urefu wa kidole. Walioona nimewadhalilisha kwa kukataa masweta waliyokwisha kuyafumua kwa siku nyingi, nawaomba wafikirie mkono wa mpishi. Nyuzi hizo zinafaa sana kwa mazulia na mifuko, na hakuna aliyezikataza huko.

Baada ya plastiki kuondoka, tulibaki na upungufu wa malighafi. Tulipopata oda ya mazulia 40 ya nyumba ya wageni, na kila zulia likihitaji fulana kati ya 6 na 8, niliomba wanachama walete fulana kuukuu na mashuka yaliyochanika kutoka majumbani. Zilipatikana fulana 31. Ndipo nilipokwenda soko la mitumba la Karume nikanunua belo la fulana za daraja la mwisho kwa shilingi 180,000. Imesemwa kwamba nilitumia fedha bila kikao. Niliwapigia simu wajumbe 3 wa kamati, wawili wakakubali, na wa tatu hakupokea. Oda ilileta shilingi 320,000, belo likarudishiwa fedha yake, na sehemu ya kikundi, ile asilimia 20 ya mauzo, niliisamehe yote ili shilingi 140,000 zilizobaki ziende kwa wafumaji. Kila zulia lilimpa mfumaji shilingi 3,500 badala ya 6,400 alizozoea, nami nakiri kwamba ni pungufu kubwa. Kama kila mwanachama angeleta fulana 6 tu, belo lisingenunuliwa.

Hapo ndipo yanapoingia mahudhurio na ada, mambo yanayoniumiza kuliko maneno yote. Tuko 41, lakini Jumamosi nyingi tumekuwa 9 au 10, na mara moja nilikata fulana peke yangu tangu pindo la chini hadi kwapani, mzunguko kwa mzunguko, mpaka jua linazama. Ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi ilipaswa kutupa shilingi 984,000 kwa mwaka, zikakusanywa 462,000, na 522,000 hazijalipwa. Pamoja na asilimia 20 ya mauzo mengine, yaani yote bila oda ile, ambayo ni shilingi 282,800, kikundi kilipata shilingi 744,800. Pango la stoo limekula 360,000, meza na usafiri 215,000, kulabu, sindano na mikasi 96,000. Zimebaki shilingi 73,800, yaani pango la miezi 2 na chenji kidogo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata wateja zaidi wa nyumba za wageni, na kuangalia uwezekano wa kuomba mkopo wa halmashauri unaotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunatumaini pia kuwafundisha vijana wa mtaani, pengine wakati wa likizo.

Viroba 2 vya rambo nimeviondoa stoo na kuvikabidhi kwa mkusanya taka anayeuza plastiki kwa kilo. Alitoa shilingi 4,500, ambazo sikuziingiza kwenye hesabu ya juu kwa kuwa walioleta rambo hizo ndio wenye haki nazo. Ziko kwa mtunza hazina, na anayezidai azifuate Jumamosi, saa 8 mchana.